Mlinzi Anayelindwa Kwanza

Ukiuliza watu wa Kizwite au Chanji kwa nini wanataka mbwa, wengi watakujibu neno moja: ulinzi. Mji wa Sumbawanga unapanuka kuelekea viwanja ambavyo juzi tu vilikuwa mashamba ya mahindi. Nyumba imeezekwa bati, uzio bado, taa ya mtaa hakuna, na chumba cha uani kimejaa magunia ya mavuno. Mwenye nyumba anawaza mbwa kabla hajawaza geti. Anampigia simu ndugu yake wa Laela au Matai, na baada ya muda boksi lililotobolewa matundu linashushwa kwenye basi. Ndani yake kuna kiumbe anayeenea viganjani, anatetemeka, amejikojolea njiani, na hajui mama yake amekwenda wapi.

Huyo ndiye mlinzi aliyeagizwa. Kwa miezi mingi ijayo hataweza kulinda chochote. Hawezi kujikinga na baridi ya saa tisa usiku, hawezi kutofautisha mfupa na kidonge cha sumu, na mlio wa bodaboda unamfukuzia uvunguni. Zamu ya ulinzi katika miezi hiyo ni ya watu wa nyumba. Namna watakavyoishika zamu hiyo ndiyo itakayoonyesha, miaka 10 au 12 ya maisha ya mbwa, kama walipata rafiki wa familia au kiumbe mwenye hofu aliyefungwa mnyororo nyuma ya jiko. Ninaandika kwa sababu naona maandalizi ya mtoto wa mbwa yanachukuliwa kuwa mambo ya wenye nafasi na fedha, na hapa kwetu ndiko yanakohitajika zaidi.

Nchi yetu hii ya Ufipa ina simulizi ya kale inayofaa kuanzia. Mtemi wa Milanzi alikwenda kuwinda. Kabla hajaondoka alimwonya mkewe kwamba wageni wanaweza kufika, na wakifika wasipewe kiti chake. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali. Kiti wakapewa, wakakikalia, na mtemi aliporudi alikuta utawala wa nchi umehama mikononi mwake. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliipa simulizi hii nafasi kubwa katika kitabu chake A State in the Making cha mwaka 1981, na wasomi wanaisoma kama habari ya asili ya watawala wa nchi hii. Mimi naisoma pia kama habari ya nyumba. Baba alijua mgeni anakuja. Alikuwa na msimamo kuhusu mahali ambapo mgeni huyo hatakaa. Lakini msimamo ulikuwa wake peke yake. Aliutamka mlangoni, akashika njia ya porini, na aliyebaki nyumbani ndiye aliyekutana na mgeni uso kwa uso.

Nyumba nyingi zinampokea mbwa namna hiyo hiyo. Baba anasema mbwa haingii ndani. Mtoto wa darasa la tatu anamwita kochini baba akishatoka. Bibi anamtupia kipande cha nyama chini ya meza, mama anamchapa kwa kusogelea meza hiyo hiyo. Mbwa mdogo hasomi kauli za kikao. Anasoma yanayotokea kila siku. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji hata senti moja: watu wa nyumba wakae pamoja kabla ya simu kupigwa, wakubaliane. Ataingia vyumba gani? Atalala wapi usiku wa kwanza, na wapi baada ya mwezi? Nani atampa chakula asubuhi, nani jioni? Tutamwita kwa jina gani, na tukimkataza tutatumia neno gani? Akiambiwa “toka” na mmoja, “hapana” na mwingine, na “wee!” na wa tatu, hajaambiwa kitu.

Katika kikao hicho yuko mtu ambaye mara nyingi haulizwi, naye ni dada wa kazi. Wenye nyumba wakienda ofisini na watoto shuleni, yeye ndiye atakayebaki na mbwa kutwa nzima. Ndiye atakayefuta mkojo, atakayepika ugali wa mbwa, atakayesikia kilio. Huenda anaogopa mbwa. Huenda kwao waling’atwa na mbwa, wakazika mtu. Kumwongezea kiumbe wa kulea bila kumuuliza, na bila kumpunguzia jambo lingine, ni dhuluma, na mbwa atailipa pamoja naye. Akisema hawezi, basi nyumba hiyo bado haina mlezi wa mbwa, hata kama ina watu saba.

Linafuata suala la umri. Wengi wetu tunaamini mbwa akichukuliwa mdogo sana ndipo atakapomzoea mwenyewe, kwa hiyo anaachishwa maziwa akiwa na wiki nne au tano. Imani hiyo ina chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipofaa. Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi, na kuanzia wiki ya tatu anaanza kuijua dunia. Katika wiki hizo mama yake na ndugu zake ndio walimu: akimng’ata ndugu yake kwa nguvu mchezo unakatika, akimsumbua mama anakaripiwa. Asiyepitia darasa hilo huja kuwang’ata watoto wa watu bila kujua kwamba meno yanaumiza. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hushauri asitenganishwe kabla ya wiki nane. Upande wa pili, dirisha haliko wazi daima. John Paul Scott na John L. Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Marekani na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mbwa anapoamua nani ni wa kwake na nini si cha kuogopa. Aliyefika wiki ya 14 bila kushikwa na mikono ya watu ni vigumu mno kumrudisha. Udongo uwahi uli maji.

Maana yake ni kwamba akifika nyumbani akiwa na wiki nane, umebakiwa na wiki chache zenye thamani kubwa. Zitumie kumwonyesha Sumbawanga ilivyo: mashine ya kusaga, mvua ikipiga bati, mtu mwenye kofia, mzee mwenye fimbo, mama mwenye mzigo kichwani, kuku, mbuzi, mtoto anayekimbia. Amwone kila mmoja kwa utulivu, akiwa na kitu kizuri cha kula, na aruhusiwe kurudi nyuma akiogopa. Chanjo zikiwa bado hazijakamilika abebwe mikononi, asitembezwe majalalani wala mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Mbwa aliyezoea watu wa kawaida ndiye anayeweza kumtambua asiye wa kawaida. Anayebwekea kila kitu hakuambii chochote.

Sasa malazi. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai kila mtu analala na blanketi nzito. Mtoto wa mbwa aliyetolewa katikati ya ndugu zake ametolewa kwenye joto lake, maana walikuwa wakilala wamerundikana. Kumweka peke yake juu ya saruji barazani ni kumpa nimonia. Kibanda kinaweza kujengwa kwa mabanzi ya mbao, kikiinuliwa kwa matofali ili maji ya masika yasipite ndani, mlango wake ukigeuziwa upande usiopigwa na upepo. Kiwe kidogo, kiasi cha kujigeuza na kujinyoosha, kwa sababu mwili mdogo hauwezi kupasha joto nafasi kubwa. Ndani weka kiroba cha salfeti kilichojazwa majani makavu, na majani yabadilishwe yakilowa. Lakini usiku wa mwanzo asilale huko. Alale ndani, kwenye boksi, mahali anaposikia pumzi za watu.

Na kabla hujamfuata, tuma kitambaa. Kipande cha kanga kuukuu au cha blanketi kipelekwe kwa mwenye mbwa mama, kitandikwe pale anaponyonyesha kwa siku kadhaa, kisha kisafiri pamoja na mtoto bila kufuliwa. Usiku akianza kulia, mtoto huyo huzungusha pua kwenye kitambaa, hukisukumasukuma kwa miguu ya mbele kama anayetafuta chuchu, huzungusha mwili mara mbili tatu, halafu hujikunja. Kilio hakiishi chote, ila hupungua na kuwa mguno, na mguno huwa usingizi. Gharama yake ni kitambaa na nauli ya mtu wa kukipeleka.

Baada ya malazi, ikague nyumba kwa kupiga magoti. Ukiwa umesimama huoni anayoyaona yeye. Kwa Ufipa, hatari ya kwanza nitakayoitaja ni gunzi la mahindi. Wakati wa kupukuchua, magunzi hutapakaa uani, yananukia utamu, na mbwa mdogo huyatafuna na kumeza vipande. Gunzi haliyeyuki tumboni. Likinasa kwenye utumbo, mbwa hutapika, huacha kula, na bila upasuaji hufa kifo cha maumivu makali. Ya pili ni sumu za ghalani: vidonge vya kufukizia nafaka na chambo cha panya, ambavyo baadhi ya nyumba huvisukumia nyuma ya magunia, usawa kamili wa pua yake. Panya aliyekula sumu naye ni sumu. Kisha kuna mafiga yenye makaa, shimo la choo lisilofunikwa, beseni la maji ya kufulia, waya wa chaji, na machicha ya pombe ya ulezi yaliyomwagwa nyuma ya nyumba. Kila kimoja kina dawa nyepesi: kuinua, kufunika, kufagia, kufunga mlango.

Mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa thamani ya kazi ya namna hii. Ntumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze na kuwa mbolea, hufanywa msimu mmoja kabla ya ule ambao udongo wake utasambazwa na kupandwa ulezi. Anayepita njiani anaona vichuguu vya udongo tu. Mwenye shamba anajua kwamba mavuno yameshaanza.

Chakula ni mahali ambapo desturi yetu ina mema na mabaya pamoja. Watu hudhani mbwa ni mla nyama tu, na kwamba kumpa ugali ni kumwonea. Mwaka 2013 timu ya Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ilionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni inayosaidia kumeng’enya wanga, ambapo mbwa mwitu wa kule Ulaya, jamaa yake wa damu, ana mbili tu. Kuishi na wakulima kulimbadilisha mbwa hadi ndani ya mwili wake. Kwa hiyo ugali si kosa. Kosa ni ugali mtupu, ukoko wa sufuria, na pumba zilizokorogwa kwa maji ya moto, apewe mtoto anayejenga mifupa. Anahitaji dagaa, na nchi hii iko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Anahitaji yai au utumbo wa kuku uliopikwa, bila chumvi nyingi, bila vitunguu, na bila mifupa ya kuku iliyoiva kwa sababu hupasuka na kuchoma koo. Akiwa na miezi miwili ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Baadaye mara tatu. Akipita miezi sita mara mbili zinatosha. Maji safi yawepo muda wote.

Jambo moja kuhusu chakula nalisema kwa msisitizo. Rukwa ni mkoa wa mahindi, na katika kila stoo kuna mahindi yaliyopata unyevu, yakaota ukungu. Binadamu anayakataa, kisha anasema, “Hayo ya mbwa.” Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ile ile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nayo kwa urahisi. Huharibu ini lake, macho na fizi vikawa vya manjano, akafa, na majirani wakasema amerogwa au ametegwa. Mahindi ambayo huwezi kumpikia mwanao yasipikiwe mbwa.

Ratiba ndiyo inayoshinda adhabu. Mtoto wa mbwa hujisaidia akiamka, akimaliza kula, na akimaliza kucheza. Mwenye kujua hayo humbeba uani katika nyakati hizo tatu, mahali pale pale, anasubiri kimya, na jambo likitimia anamsifu hapo hapo. Akikojoa sebuleni, maji na sabuni vinatosha. Kumkandamiza pua kwenye mkojo wake humfundisha kukuogopa wewe, basi. Na alale. Mdogo huyu hulala saa 18 hata 20 kwa siku, na watoto wa nyumba lazima waambiwe kwamba aliyelala haamshwi, anayekula haguswi, na mkia si kamba. Mbwa wengi wanaoitwa wakali walianza kwa kukosa mahali pa kupumzikia.

Kuna desturi ya kumlisha mbwa pilipili na kumfunga mnyororo tangu mdogo ili awe mkali. Inaleta ukali, ndiyo, lakini ni ukali wa aliyebanwa kwenye kona. Siku mnyororo utakapokatika hatamtafuta mwizi. Atamrukia aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni mtoto anayekwenda dukani. Mbwa hulinda kwa sababu ameijua nyumba kuwa ya kwake. Kujua huko kunatokana na kushiba, kuitwa kwa jina, na kuzunguka mipaka ya kiwanja pamoja na watu wake.

Nimeacha afya nyuma kwa sababu ndiyo inayotoka nje ya uzio wetu. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari na minyoo, waliyoipata wakiwa tumboni, na minyoo hiyo huweza kuingia kwa watoto wa watu wanaocheza kwenye mchanga ule ule. Dawa hutolewa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Chanjo ya distempa na parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa mpaka wiki ya 16. Atakayedhani distempa ni habari ya nyumba moja akumbuke Serengeti mwaka 1994: ugonjwa huu uliua karibu theluthi ya simba wa hifadhi ile, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na chanzo chake. Sisi tuna Hifadhi ya Katavi jirani. Na anayeteremka na mbwa wake kutoka uwandani kwenda maeneo ya bondeni yenye mbung’o ajue kwamba nagana humdhuru mbwa upesi. Jicho likianza kufunga ukungu wa bluu, usingoje.

Juu ya yote kuna kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa ikiwa watoto. Hata hivyo chanjo yake ni ya tangu enzi za Louis Pasteur, mwaka 1885, na mbwa wapatao 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania umeonyesha kwamba aina mojawapo ya chanjo ya mbwa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, jambo linaloweza kuifikisha chanjo hata kwenye mtaa na kijiji kisicho na jokofu. Zinapotangazwa siku za chanjo, wenye mbwa wengi huwaacha wadogo nyumbani wakidhani hawajafikia umri. Shirika la Afya Duniani linashauri wadogo nao wapelekwe. Mpeleke, utunze kadi yake mahali unapotunza vyeti vya watoto. Na kila mtu wa nyumba ajue: aking’atwa na mbwa yeyote, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nenda kwa jirani mapema, kabla ya mbwa kufika. Mwambie. Jirani Mwislamu anayeswali barazani kwake ana haki ya kujua kwamba mbwa wako hatavuka kugusa mkeka wake. Dini yake inakubali mbwa wa ulinzi na wa kuchunga, na inadai usafi, na kuulinda usafi huo ni kazi yako. Mwambie pia kama ni jike, na una mpango gani. Jike hupata joto lake la kwanza katika umri wa miezi sita hadi mwaka, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na anayesema “tutaona” huishia kutupa watoto jalalani. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuhasi mapema. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo inamtambua mwenye mnyama kuwa mwenye wajibu. Ila wajibu huo hauna mtu wa kuukagua usiku wa baridi saa tisa. Unabaki kuwa suala la dhamiri.

Kama baada ya kikao cha nyumba jibu la swali lolote kati ya haya ni “atajijua mwenyewe,” simu isipigwe. Jenga uzio kwanza, weka taa, zungumzeni na majirani kuhusu ulinzi wa mtaa. Hakuna aibu katika kusema kwamba mwaka huu hatuwezi. Aibu iko katika kumwita kiumbe asiye na uwezo wa kukataa, kumpokea bila kumwandalia chochote, kisha kumlaumu kwa tabia aliyoikuta kwetu. Tunamtaka mbwa huyu asimame kati ya watoto wetu na mtu mwenye panga gizani. Anayeombwa kitu kikubwa hivyo anastahili kukuta watu waliojipanga kwa ajili yake kabla hajashushwa kwenye basi.